Mtungi wa Marekani, wa Ulaya au wa Afrika Kusini: ufuate sheria zipi kwa kazi ya mbizi Ziwa Victoria?

Mitungi ya kuzamia inayofika Mwanza haitoki sehemu moja. Upo unaokuja na vifaa vya msaada kutoka Marekani, upo uliotumika Ujerumani ukanunuliwa Dar es Salaam, upo unaoshuka na mizigo ya Afrika Kusini. Ukiisimamisha ukutani, yote ni mitungi tu. Ukiisoma mabegani, kila mmoja umebeba sheria za kwao: presha imeandikwa kwa kipimo chao, tarehe kwa mpangilio wao, rangi kwa maana yao, na shingo imekatwa kwa thredi zao.

Mtalii anayezamia Unguja hana haja ya kuyajua haya, maana kituo kinamkabidhi mtungi uliokwishakaguliwa. Huku ziwani anayeshuka ni kijana wa vizimba vya sato anayeshona nyavu chini ya maji, fundi anayefungua kamba iliyojisokota kwenye propela, au askari wa Zimamoto na Uokoaji aliyeitwa usiku. Mara nyingi kikundi chenyewe ndicho kinachonunua mtungi, kinachoujaza na kinachoutunza. Kwa hiyo kuamua mfuate utaratibu wa nchi gani ni jukumu lenu wenyewe.

Jibu langu nalitoa mapema. Mitungi yenyewe na valvu zake viwe vya mfumo mmoja tu, na mimi ningechagua wa Ulaya. Kwenye usafi wa hewa, fuata masharti makali kuliko yote; kwenye ukaguzi, jaribio la presha kila miaka 5 na kuchungulia ndani kila mwaka. Kwenye lebo, iga Afrika Kusini. Rangi ya mtungi usiipe uzito wowote. Sababu zinafuata, na pale ambapo mtungi wa Kimarekani unashinda nitasema hivyo.

Kusoma bega la mtungi

Mtungi wa Marekani unaanza na herufi DOT, yaani idara yao ya usafirishaji. Huko mtungi wa gesi unahesabiwa kuwa mzigo wa hatari unaopita barabarani, ndiyo maana mwenye sheria ni idara hiyo na si chama cha wapiga mbizi. Baada ya DOT inakuja aina: 3AL ni alumini, 3AA ni chuma. Kisha presha ya kazi, yaani ya kujazia, kwa psi, kipimo cha Kimarekani. Mtungi wa alumini ulio maarufu kuliko yote umegongwa 3000, ambayo ni takriban bar 207 kwa kipimo cha Ulaya. Kanada wanagonga TC na kuandika presha kwa bar, na mitungi mingi ya Amerika Kaskazini ina alama za nchi zote mbili begani.

Mtungi wa Ulaya wa miaka ya karibuni una herufi ya Kigiriki π, alama kwamba umetimiza masharti ya Umoja wa Ulaya kuhusu vyombo vya presha vinavyosafirishwa. Wenyewe unagongwa presha mbili, na hapa ndipo pa kutuliza macho. PW ni presha ya kazi, mfano 232. PH, au PT kwenye mitungi ya zamani, ni presha ya majaribio, na ni mara moja na nusu ya ile ya kazi: 348. Wamarekani nao hujaribu mtungi wa psi 3000 kwa psi 5000, lakini namba ya majaribio hawaigongi. Sasa fikiria mjazaji aliyezoea bega la Kimarekani, lenye presha moja tu, anapewa mtungi wa Kijerumani. Anaona 348, anawasha kompresa. Kwenye karakana yoyote inayopokea mitungi ya nchi mchanganyiko, hili ndilo kosa la kuzuia kabla ya mengine yote. Dawa yake haina gharama: andika presha ya kujazia kwa rangi na tarakimu kubwa mwilini mwa mtungi, namba moja tu, kwa bar.

Kuna alama nyingine inayopotosha. Mtungi wa chuma wa 3AA unaweza kuwa na alama ya kujumlisha baada ya tarehe ya ukaguzi. Inaruhusu kujaza asilimia 10 zaidi ya presha iliyogongwa, na inadumu mpaka ukaguzi unaofuata, ambapo mkaguzi huirudia au huiacha. Ruhusa hiyo ni ya chuma hicho cha Kimarekani peke yake. Haihamii kwenye alumini, wala haivuki bahari kwenda kwenye mtungi wa Ulaya.

Tarehe nazo zinakwenda kinyume. Marekani mwezi hutangulia mwaka, na katikati huwekwa namba ya karakana iliyokagua. Kwenye mitungi inayofuata viwango vya kimataifa vya ISO, ikiwemo ya Ulaya, mwaka hutangulia mwezi. Alama fupi ya 05 na 10 inaweza kuwa Mei 2010 au Oktoba 2005, tofauti ya karibu miaka 5, ambayo ni umri mzima wa cheti. Tazama kwanza mtungi ni wa mfumo gani, ndipo usome tarehe.

Kuhusu ukubwa, Ulaya wanakurahisishia kazi. Wanagonga ujazo wa maji kwa lita, hivyo mtungi wa lita 12 ukiwa na bar 200 una takriban lita 2,400 za hewa. Mtu yeyote anapiga hesabu hiyo kichwani akiwa juu ya boti. Mmarekani anauita mtungi wake "80" kwa kuhesabu futi za ujazo za hewa ukiwa umejaa kabisa, na hata hiyo 80 kwa kweli ni futi 77 na kitu. Kwa lita za maji ni 11.1, na hewa yake haifiki sana lita 2,200. Kikundi chenye mitungi ya aina zote mbili kitapanga muda wa chini ya maji kwa hesabu mbili tofauti, na siku ya haraka mtu atashika hesabu isiyo yake.

Thredi za shingo, mahali pa kutochanganya kabisa

Ningeambiwa niandike juu ya jambo moja tu katika makala hii, ningeandika hili.

Valvu ya mtungi inafungwa shingoni kwa thredi. Mitungi ya Ulaya hutumia M25x2, yaani kipenyo cha milimita 25 na hatua ya milimita 2. Mitungi ya Marekani hutumia thredi ya robo tatu inchi, ambayo jina lake linadanganya, kwa kuwa kipenyo chake halisi kinapita milimita 26. Ukichukua valvu ya M25 ukaizungusha kwenye shingo ya robo tatu, inaingia. Inalegea kidogo tu, fundi anahisi imeshika, oringi (pete ya mpira) inaziba, hewa haivuji. Kilichoishikilia ni ncha za thredi. Mtungi unaweza kujazwa ukakaa kimya, kisha valvu ikafyatuka wakati wa kujaza au baadaye, ikiwa na nguvu ya tani kadhaa nyuma yake. Ajali za namna hii zimeua wajazaji katika nchi zenye karakana nzuri kuliko zetu.

Afrika Kusini mitungi ya thredi zote mbili inazunguka sokoni, kwa hiyo mtungi kutoka huko usiukubali kwa kusikia tu kwamba "ni wa metriki". Soma shingoni au begani. Soma na valvu pia, maana valvu iliyotengenezwa vizuri imegongwa aina ya thredi yake. Ikiwa upande mmoja hauna alama, mpe fundi kipimo cha thredi na kaliipa apime pande zote mbili, na msijaze chochote kabla hajamaliza.

Hii ndiyo sababu nasisitiza mfumo mmoja. Karakana yenye mitungi ya M25 peke yake haiwezi kufanya kosa hili hata siku ambayo fundi mzoefu yuko msibani na kijana ndiye amebaki. Ikiwa tayari mnayo mitungi sita ya Kimarekani mliyopewa, basi bakini na ya Kimarekani na mnunue ya Kimarekani. Uamuzi huo nao ni mzuri. Uamuzi mbaya ni kuwa na mitatu ya huku na mitatu ya kule, na boksi moja la valvu.

Kuna tofauti moja ndogo ya valvu. Zile za Marekani zina kisahani cha usalama kinachopasuka presha ikizidi mno, na za Ulaya kwa kawaida hazina. Kisahani ni kizuri, ila kinataka spea, na spea yake lazima ilingane na presha ya mtungi huo.

Ukaguzi: nani anakagua lini

Sheria ya Marekani inataka jaribio la presha ya maji kila miaka 5. Ukaguzi wa ndani kwa macho kila mwaka, ule wenye stika ya mviringo, hauko kwenye sheria hiyo. Ni desturi ya vituo vya mbizi, ila desturi yenye nguvu kiasi kwamba bila stika hujaziwi. Uingereza na nchi kadhaa za Ulaya wana jaribio la maji kila miaka 5 na ukaguzi wa macho katikati, kila miaka miwili na nusu. Australia ndiyo wenye mkono mgumu: mtungi wa kuzamia unarudi kwa mkaguzi kila miezi 12.

Kwa Mwanza ningechukua miaka 5 ya jaribio la maji, kwa sababu kila jaribio linataka usafiri na karakana yenye vifaa, kisha ningefungua kila mtungi kila mwaka na kuchungulia ndani kwa taa. Maji ya ziwa hayana chumvi, hivyo kutu ya nje ni ndogo kuliko ya pwani. Ya ndani ndiyo ya kuogopa. Hewa ya ufukweni ina unyevu mwingi, na chujio la kompresa likichoka, maji yanaingia pamoja na hewa. Mtungi wa chuma uliopata maji ndani na kukaa miezi umejaa unaota kutu, na kutu inakula oksijeni ya hewa ile ile utakayopumua. Mzamiaji akifungua mtungi huo, presha ni kamili, hewa haina harufu, na oksijeni imepungua. Mtungi wa chuma uliokaa muda mrefu umwage, ufungue, uutazame.

Alumini ina ugonjwa wake. Mitungi mingi ya alumini iliyotengenezwa Marekani kabla ya 1988, ikiwemo ya kampuni ya Luxfer, ilitumia aloi ya 6351, ambayo imethibitika kupata nyufa shingoni baada ya kukaa na presha kwa miaka mingi. Baadaye Luxfer walihamia aloi ya 6061. Sheria ya Marekani inaitaka mitungi ya aloi ile ya zamani ipimwe shingo kwa kifaa cha umeme kila inapofanyiwa jaribio la maji, na vituo vingi vya huko vinakataa tu kuijaza. Ndiyo maana inauzwa rahisi na kusafirishwa mbali. Kuweka mtungi wa namna hiyo kwenye banda ambalo watoto wa jirani wanacheza nje si jambo la kujadiliana bei.

Kabla hujanunua chochote, ulizia karakana itakayofanya jaribio la maji kama ina adapta ya thredi ya mtungi wako. Karakana zinazopima mitungi ya gesi za viwandani na ya kuzimia moto zinaweza kuwa na pampu nzuri kabisa lakini zisiwe na adapta ya M25 au ya robo tatu. Na kwa kazi ya kulipwa, kumbuka vyombo vya presha viko chini ya macho ya OSHA yetu, wakala wa usalama na afya kazini; mkaguzi akija atauliza cheti, na cheti kinachoendana na alama zilizogongwa begani kinamaliza mazungumzo mapema.

Rangi zinagombana

Hapa nchi zimepishana kiasi kwamba rangi ile ile ina maana zinazokinzana.

Marekani kijani ni oksijeni. Ulaya, kwa kiwango cha EN 1089-3, bega jeupe ndilo oksijeni, na kijani kibichi ni gesi isiyowaka ambayo mtu akiivuta peke yake inamkosesha pumzi. Marekani njano ni hewa ya hospitali, na mtungi wa njano wenye mkanda wa kijani ni naitroksi, yaani hewa iliyoongezwa oksijeni. Ulaya bega la njano ni sumu au gesi inayounguza. Afrika Kusini, kwa kiwango cha SANS 10019, njano ya dhahabu ndiyo rangi ya mitungi yote ya kupumulia chini ya maji, bega likiwa kijivu, na oksijeni ya hospitali ni mtungi mweusi wenye bega jeupe. Ulaya hewa ya kupumua ina bega la nyeusi na nyeupe.

Ongeza hapo kwamba mtungi ukishafika kwetu unapakwa rangi iliyopo dukani, na utaona kwa nini nasema rangi isipewe uzito. Mfanyakazi aliyefundishwa kwamba njano ni ya kuzamia atachukua mtungi wowote wa njano. Afundishwe kusoma maandishi, na asiyeona maandishi asivute.

Kuna lugha moja ambayo nchi zote hizi wanaielewa, nayo ni namba za Umoja wa Mataifa za mizigo ya hatari. Hewa iliyoshindiliwa ni UN 1002, awe ni dereva wa Hamburg au wa Usagara. Oksijeni iliyoshindiliwa ni UN 1072. Naitroksi inasafiri kwa UN 3156, kama gesi iliyoshindiliwa inayochochea moto. Kibandiko cha umbo la almasi chenye namba hiyo kinakaa vizuri begani, na kinamsaidia askari wa barabarani pale Kigongo kama kinavyomsaidia mzamiaji. Kumbuka tu kwamba almasi ya gesi isiyowaka na isiyo sumu ni ya kijani popote duniani, na kijani hicho hakihusiani kabisa na kijani cha oksijeni cha Wamarekani.

Lebo: Afrika Kusini wamefikiri vizuri

Utaratibu wa Afrika Kusini wa naitroksi una lebo ya kudumu inayosema ni mtungi wa nini, na kando yake kijibandiko kidogo kinachobadilishwa kila unapojazwa, chenye asilimia ya oksijeni iliyopimwa. Hilo ndilo la kuiga, tena hata kwa hewa ya kawaida. Cha kudumu kinasema mtungi ni wa nani na unajazwa bar ngapi. Cha kubadilishwa kinasema kilichomo leo, aliyekijaza, tarehe, na aliyepima. Kipande cha utepe wa karatasi na kalamu ya wino usiofutika vinatosha. Mtungi usio na utepe ni mtungi mtupu, hata kama geji inasema umejaa.

Ziwa hili limeona siku ambazo wapiga mbizi wa vikosi mbalimbali walikutana mahali pamoja kwa dharura: MV Bukoba Mei 1996, MV Nyerere pale Ukara Septemba 2018, ndege iliyoanguka Bukoba Novemba 2022. Siku kama hizo mitungi inaazimwa kutoka mkono hadi mkono. Anayekuomba anauliza, "Kaka, huu una nini na umejazwa lini?" Mtungi wenyewe uwe tayari umejibu.

Naitroksi: Marekani wameachia, Ulaya wamebana

Marekani kuna desturi ya asilimia 40: mchanganyiko usiozidi hapo unaweza kupita kwenye vifaa vya kawaida vya hewa. Ulaya, kwa viwango vya EN 144-3 na EN 13949, oksijeni ikizidi ile ya hewa ya kawaida kifaa kinakuwa na thredi yake, M26x2, ili regulata (kifaa cha kupumulia kinachofungwa kwenye valvu) ya hewa isiweze kabisa kufungwa kwenye mtungi wa naitroksi. Wamarekani wanasema Wazungu wamezidisha gharama. Wazungu wanasema chuma kisichoingia kinalinda kuliko kibandiko.

Kwa vizimba vyetu, ambapo kazi nyingi ni ya mita chache, naitroksi haina faida ya kulipia. Ubaya wake ni mkubwa mahali ambapo oksijeni ya mafundi wa kuchomelea inapatikana kirahisi. Mtu anayechanganya kwa kutanguliza oksijeni safi kwenye mtungi wenye masalia ya mafuta anaweza kuwasha moto ndani ya chuma. Desturi ya asilimia 40 haimlindi huyo, kwa sababu katika hatua ya kwanza ya kuchanganya mtungi wake una asilimia 100. Oksijeni safi pia si ya kupumulia kazini chini ya maji; kuanzia mita 6 hivi inaweza kumtia mzamiaji degedege.

Wale wenye sababu ya kweli ya kuitumia, mathalani kikosi cha uokoaji kinachoshuka zaidi ya mita 20 mara kwa mara, wanunue kipimo cha oksijeni kabla ya mtungi. Na wakisawazishe kwa hewa ya hapa hapa Mwanza. Kihisi cha kipimo hicho kinahisi presha ya oksijeni, si asilimia. Uso wa ziwa uko kama mita 1,134 juu ya bahari, ambako presha ya hewa ni takriban bar 0.88. Kipimo kilichosawazishwa Dar es Salaam kikaletwa bila kuguswa kitasoma naitroksi ya asilimia 36 kama 31 na kitu. Mzamiaji ataamini ana oksijeni kidogo, atashuka chini kuliko inavyofaa, na kibandiko chake kitakuwa kimeandikwa kwa uaminifu kabisa.

Kina cha mwisho kilichoandikwa kwenye lebo kwa hesabu za baharini, kwa upande mwingine, kinabaki salama huku. Naitroksi ya asilimia 32, kwa kikomo cha bar 1.4 za oksijeni, baharini inaishia mita 33. Ziwani, kwa presha ndogo ya juu na maji yasiyo na chumvi, ingefika kama 35. Mwachie mzamiaji hizo mita 2 kama akiba. Jedwali za kupanga muda wa chini na kupanda kurudi juu ya maji ndizo zisizohama: za baharini hazifai hapa, kwa kuwa kuanzia kama mita 300 juu ya bahari zinatakiwa jedwali za mwinuko, au saa ya kuzamia iliyowekwa mwinuko sahihi.

Hewa yenyewe

Kiwango cha Ulaya cha EN 12021 kinaruhusu kaboni monoksidi sehemu 5 katika milioni, kaboni dioksidi 500, na mafuta miligramu 0.5 kwa mita ya ujazo. Daraja E, kiwango cha Marekani cha hewa ya kuzamia, linaruhusu kaboni monoksidi 10, kaboni dioksidi 1,000 na mafuta miligramu 5. Na OSHA ya Marekani, kwa mbizi za kazi, imeweka kaboni monoksidi 20, ila inalazimisha hewa ya kompresa ipimwe kila miezi 6. Tazama basi: ndani ya nchi moja kuna viwango viwili, na Ulaya ni kali mara mbili hadi mara kumi.

Chukua namba za Ulaya na ratiba ya Marekani. Kaboni monoksidi ikiwa 10 juu, ukiwa mita 20 chini ya ziwa mwili unaipokea kwa zaidi ya mara 3. Na chanzo chake huku kinajulikana: umeme umekatika, jenereta imewashwa, na bomba la kuvutia hewa la kompresa liko hatua chache kutoka kwenye ekzosi. Bomba hilo lipandishwe juu ya paa, upande upepo unakotokea, na kumbuka upepo wa ziwa hugeuka: usiku unatoka nchi kavu kwenda majini, mchana unarudi. Makundi ya wadudu wa ziwani yakija, chujio la kuingilia huziba kwa siku moja, nalo linataka kutazamwa kila asubuhi ya msimu huo. Kaboni ya chujio la ndani ibadilishwe kwa saa za mtengenezaji, tena mapema kuliko hapo, kwa ajili ya unyevu.

Kompresa ya kujazia matairi haihusiki hapa kwa nchi yoyote.

Joto nalo lina lake. Ulaya presha ya kazi huhesabiwa kwa nyuzi 15, Marekani kwa nyuzi 21. Mtungi wenye bar 200 ukipata joto la nyuzi 10 zaidi unaongezeka kama bar 7. Ukiujaza haraka unapata moto, geji inasema umejaa, ukipoa unakuta pungufu. Jaza polepole, acha upoe kivulini, ongezea kidogo, simama kwenye namba iliyogongwa.

Nani achukue nini

Kikundi kipya cha vizimba kinachoanza bila kitu: mitungi ya chuma ya lita 12, PW 232, thredi M25x2, ya miaka ya karibuni. Hesabu ni rahisi, alama zimekamilika, na mtungi wa chuma hauelei unapokaribia kuisha. Mtungi wa alumini wa Kimarekani ukiisha unamvuta mzamiaji juu, jambo linalochosha anapofanya kazi ya mikono akiwa amesimama mahali pamoja.

Kikundi kinachopeleka mitungi kujazwa Dar es Salaam au Unguja, zaidi ya kilomita 1,000 kwa barabara mpaka Dar pekee: hapa alumini ya 3AL yenye psi 3000 ni chaguo bora, kwa kuwa ni mtungi unaofahamika karibu kila kituo cha mbizi duniani, hauoti kutu, na presha yake ya bar 207 inafikiwa na kompresa yoyote ya mbizi. Thibitisha na kituo kwanza kwamba wanapokea tarehe yako ya ukaguzi. Kwa ndege, mashirika hutaka mtungi mtupu, na mengi yanataka valvu imetolewa au imefunguliwa waone.

Kikosi cha uokoaji kinachopokea misaada ya nchi mbalimbali hakiwezi kuchagua, hivyo kitenganishe. Rafu moja ya M25, rafu nyingine ya robo tatu, valvu za kila upande kwenye boksi lake lenye kufuli, na mtu mmoja mwenye funguo zote mbili.

Kabla ya kutuma hela kwa muuzaji wa mtandaoni, mwombe picha nne: bega lote likiwa limesuguliwa rangi mpaka alama zionekane, thredi ya shingo valvu ikiwa imetolewa, alama ya valvu, na ndani ya mtungi kwa taa. Kwenye picha ya kwanza tafuta mfumo, presha ya kazi na tarehe ya mwisho ya jaribio. Ikiwa ni alumini ya DOT ya kabla ya 1988, uache. Ikiwa tarehe imepita miaka 5 na muuzaji hataki kulipia jaribio, bei yake iongeze usafiri na jaribio ndipo uilinganishe na mtungi mpya.